Naomba ushauri: ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, Hori ya Mida

Ndugu wapenzi wa ndege, naomba msaada wa kumtambua ndege niliyemwona katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, wakati maji yakitoka, akitafuta chakula peke yake kando ya kundi la sululu. Alikuwa mdogo kidogo kuliko wao, mwenye miguu mirefu myeusi, mgongo wa kijivu, na mdomo mrefu wa rangi ya waridi shinani na mweusi nchani. Mdomo wa sululu hupinda chini. Wa huyu ulikuwa ama umenyooka, ama umepinda juu kidogo sana, na hapo ndipo penye shaka.

Kitwitwi yeyote nimemwondoa, kwa kuwa hafikii umbo hilo. Wanabaki ndege wawili wa pwani wa jamii moja wanaofanana, wenye midomo mirefu: Limosa limosa na Limosa lapponica. Akiruka, wa kwanza huonyesha mstari mweupe mpana bawani na mkia mweusi, ilhali wa pili hana mstari huo na mkia wake una michirizi. Huyu aliruka akielekea kwenye jua, nami niliona weupe juu ya mkia tu, ambao wote wawili wanao.

Picha ya simu niliyopiga haifai kuwa ushahidi. Nadhani mgongo wake ulikuwa na michirizi, jambo linaloelekeza kwa lapponica, lakini sithubutu kumwandika kwa hilo pekee. Je, ndege akiwa amesimama, urefu wa mguu juu ya goti unatosha kuwatenganisha?