Lions: timu ya nchi nne isiyo na ligi, ina uzito gani?

BekiWaMwisho
Wadau wa raga, naomba ufafanuzi. Lions, timu ya raga ya pamoja, wanachota wachezaji England, Scotland, Wales na Ireland, wanakutana kila baada ya miaka minne, kisha wanatawanyika. Hakuna ligi wala wimbo wa taifa. Lakini Julai 2025, Testi (mechi kuu ya ziara) ya pili dhidi ya Australia ilijaza watu zaidi ya 90,000 pale uwanja wa MCG, Melbourne. Tangu Kombe la Dunia lianze 1987, ziara hizi bado zina maana, au ni biashara tu? Na kuwafunga Wallabies (timu ya Australia) wa siku hizi Testi 2-1 ni jambo la kujivunia?

Namba8_Ngong
Biashara imo, tusifichane. Shirikisho la Australia lilikuwa likiitegemea ziara ile kupunguza madeni yake. Ila uzito unatokana na uhaba. Lions huzunguka Afrika Kusini, Australia na New Zealand kwa zamu, kwa hiyo kila mwenyeji huwapata mara moja kwa miaka 12. Wachezaji wengi hustaafu bila kuwakuta mara mbili. Ndiyo maana Morné Steyn wa Afrika Kusini anatajwa hadi leo: 2009 aliwamaliza Lions pale Pretoria kwa penalti ya mwisho, 28-25, na 2021 akaingia Cape Town kutoka benchi akafunga penalti iliyoamua, 19-16.

Kuhusu 2-1: hawa watu hushindwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Kule New Zealand wameshinda mfululizo mmoja tu wa Testi katika historia yao yote, 1971, kwa kushinda mbili, kufungwa moja na sare moja. 2017 walitoka sare.

HukaMkongwe
Watu wanahesabu nyota na kusahau ufundi. Chukua lainauti, yaani mpira unaporudishwa uwanjani kutoka pembeni. Huka, yaani mrushaji, harushi mpira kwa mrukaji aliyekwisha kufika juu. Anaurusha pale mrukaji anapoanza kuinuliwa, vikutane kileleni. Kila timu ya taifa ina mwendo wake na misimbo yake. Mwinuaji wa nyuma akichelewa kidogo tu, mpira unapita juu ya vidole na wapinzani wanaondoka nao. Ulinzi ni hivyohivyo: namba 12 aliyezoea kupanda kwa kasi akipangwa na 13 aliyezoea kusubiri na kusukuma watu pembeni, kati yao kunabaki mlango wazi.

Zamani walirekebishana njiani. Ziara ya 1974 Afrika Kusini ilikuwa na mechi 22. Walishinda 21 na kutoka sare moja. Ya 2025 ilikuwa na mechi 10 tu, ikiwamo ile ya Dublin waliyofungwa na Argentina 28-24, huku baadhi ya wachezaji wakiwa bado kwenye fainali za klabu zao.

Kocha akikosa muda hununua uelewano uliopo tayari. Ndiyo maana Testi ya kwanza Brisbane, kocha wao Andy Farrell alianza na Waairishi 8, Waingereza 4 na Waskoti 3. Mwelshi hakuwamo hata kati ya wale 23 wa kikosi pamoja na benchi. Watu walipiga kelele za upendeleo. Lakini tazama alivyopanga: Sheehan, mrushaji, pamoja na wenzake wa lainauti McCarthy na Beirne wote ni wa Ireland, namba 10, 12 na 13, yaani Russell, Tuipulotu na Jones, wote ni wa Scotland. Walishinda 27-19.

MamaRaga_KSM
Sawa mkuu, ila ukiendelea hivyo utakuwa na Ireland waliovaa jezi nyekundu. Testi ya pili iliokolewa na Mwelshi aliyeachwa nje mwanzoni, Jac Morgan. Lions walikuwa nyuma 23-5 kipindi cha kwanza. Dakika za mwisho ni 26-24, bado nyuma. Kwenye raki (wachezaji wakigombea mpira ulio chini), Carlo Tizzano wa Australia ameinama juu ya mpira kutaka kuuiba, Jac Morgan anaingia chini na kumwondoa. Mpira ukatoka, na baadaye kidogo Hugo Keenan akafunga trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kushoto: 29-26.

Waustralia walidai penalti. Sheria inakataza kumvamia mtu kwenye raki bila kumshika kwa mkono, na inakataza kumgusa juu ya mstari wa mabega. Mwamuzi Andrea Piardi alitazama picha, akaona wawili hao walifika karibu kwa pamoja, akaruhusu. Kwangu uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa najua siku nyingine mwamuzi mwingine angepuliza.

BekiWaMwisho
Asanteni. Basi kwa nini Afrika Mashariki tusiunde yetu?

Namba8_Ngong
Iliwahi kuwapo, na ilicheza na hao hao Lions. Walipokuwa wakirudi kutoka Afrika Kusini walipita Nairobi: 1955 wakaifunga timu ya Afrika Mashariki 39-12, na 1962 wakaifunga 50-0. Enzi hizo timu hiyo ilikuwa ya walowezi zaidi kuliko wenyeji.

Leo Kenya na Uganda hugombea Elgon Cup, kwa hiyo ushindani upo. Kinachokosekana ni mwenyeji wa kulipia ziara, na wiki nne au tano za kambi ambazo klabu zitakubali kuwaachia wachezaji. Bila kambi hiyo utarudi palepale kwenye lainauti ya HukaMkongwe.

HukaMkongwe
Na propu (wachezaji wa mstari wa mbele) watatu wa kulia wanaoweza kusimamisha skramu, ule msukumano wa timu mbili, dakika 80. Anza na hao kabla ya kuchagua rangi ya jezi.