Naomba ushauri: tuandike "walisalimu amri" au "walitii"?

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa umoja wetu wa wauza mitumba, na muhtasari wa kikao umekwama kwenye neno moja. Tulitakiwa tuhame pembeni mwa barabara, tukabishana wee, mwisho tukahama. Mwenyekiti anataka iandikwe "wanachama walisalimu amri". Mweka hazina, mama asiyependa mchezo, amegoma kusaini: "Kwani tulikuwa vitani? Andika walitii."

Mimi naegemea kwa mama. Kusalimu amri nakusikia kwa aliyeshindwa akaweka silaha chini, kama Jenerali Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani alivyofanya mbele ya Waingereza kule Abercorn (sasa Mbala, Zambia), Novemba 1918, au kwa timu iliyochapwa tatu bila. Kwenye kutii hakuna mshindi wala mshinde. Hata polisi wetu Tanzania huhimiza "utii wa sheria bila shuruti", na barua rasmi za zamani zilimalizia "wako mtiifu".

Shida ni kwamba "walitii" inaficha ule ubishi, kana kwamba tuliambiwa mara moja tukainuka. Nimefikiria "waliridhia", lakini ridhaa yenyewe ilikuwa wapi? Tuliondoka tumenuna. "Walikubali shingo upande" ndiyo kweli tupu, ila sijui kama inafaa kwenye karatasi itakayopelekwa ofisi ya mtendaji wa kata.

Wenye uzoefu wa mihtasari, ninyi mngeandikaje? Kikao cha kuuthibitisha ni Jumamosi.