Walimu wa PP1 na PP2 (klasi za chekechea), mnawachezesha aje watoto kama klasi ni ndogo na kiwanja hakuna?

NyarKano, Kisumu

Hamjambo walimu wenzangu. Mimi nafunza PP1 huku Manyatta, shule ya praiveti, klasi za mabati, nina watoto 38 kwa chumba kimoja na meza zimejaa mpaka kupita katikati ni kwa ubavu. Kiwanja hatuna. Tuko na ile njia ya kati ya klasi na choo na hapo ndio mama wa uji huweka jiko lake, kwa hivyo siwezi kuwatoa wakimbie hapo na moto uko.

Shida yangu ni hii. Ikifika saa nne hivi watoto wamechoka kukaa, wengine wanalaza kichwa mezani, wengine wanasukumana, kuna mmoja juzi nilimwambia akae chini mara tatu, ya nne akaniangalia akasema ticha, miguu yangu haitaki kukaa. Hiyo maneno imekaa na mimi wiki nzima. Lakini nikiwasimamisha waruke kidogo mwalimu mkuu anapita dirishani anauliza mbona kelele, na wazazi nao jioni wanafungua kitabu, wasipoona ukurasa umejaa na tiki nyekundu wanasema mtoto hajafunzwa. Mmoja aliniuliza kama analipa fee mtoto aje kuruka kamba.

Kitu inaniuma ni kwamba hawa watoto wakitoka kwangu hawaendi kucheza. Nyumba ni za ploti, nje ni bodaboda na mtaro, mama ako soko la Kibuye anauza mpaka giza, kwa hivyo mtoto anafungiwa na TV ama anakaa kwa kigoda kando ya meza ya biashara. Asiporuka akiwa na mimi, hiyo siku haruki kabisa. Mnisaidie, niwafanyishe nini humo ndani ya klasi, na nimwambie nini mzazi?

TichaBahati, Nakuru

Mwalimu pole lakini usife moyo, nilikuwa hapo hapo ulipo. Kwanza ondoa hii mawazo ya kwamba kuna saa ya kusoma alafu kuna saa ya kuruka. Ukitenganisha hivyo, kuruka ndio itakatwa kila siku juu muda hautoshi. Ruka NDANI ya hesabu, ruka ndani ya lugha.

Mimi nilianza na sakafu. Chora kwa chaki mstari wa namba 0 mpaka 10, kila namba iwe mguu mmoja wa mtu mzima. Mtoto anasimama kwa 3, klasi inasema ongeza 2, anaruka mbili huku wote wakihesabu, anaangalia chini anasoma mwenyewe 5. Kutoa anaruka kinyumenyume na hapo ndio utaona nani hajui bado, kwa kitabu alikuwa anaiga jirani. Herufi nazo tunaziandika hewani kwa mkono mzima kutoka begani, kubwa kabisa, alafu kwa mgongo wa mwenzake kwa kidole, alafu kwa mchanga, kitabu kinakuja mwisho. Unashangaa venye ukurasa unajaa haraka.

Meza sukuma zote ukutani, mikeka chini, hata kama ni nusu ya siku tu. Chorea kila mtoto duara yake ya chaki, mwambie hii ni nyumba yako, unaruka ndani ya nyumba yako. Watoto 38 hawawezi kukimbia kwa chumba lakini 38 wanaweza kuruka hapo hapo waliposimama bila kugongana.

Na kwa mambo ya kelele, harakati si lazima iwe na kelele. Watembee kama paka anamnyatia panya. Wasimame kwa mguu mmoja kama flamingo, huku kwetu wanajua sana hiyo, mwambie asimame kimya kabisa. Watambae chini ya meza kama mjusi. Mwalimu mkuu akipita atadhani klasi haina watu.

MwalimuLurambi

Nakubaliana na Ticha hapo juu. Huku Kakamega mvua inakuja karibu kila alasiri na uwanja ni matope, kwa hivyo hata sisi wenye kiwanja tunaishia ndani. Sisi tunacheza ule mchezo wa kati humo ndani, wanarushiana mpira kwa mwendo wa pole, mpira ni soksi imejazwa matambara. Zamani tulikuwa tunafunga mpira wa juala za plastiki lakini tangu juala zipigwe marufuku 2017 tumehamia matambara na kamba ya katani, na kwa watoto wadogo ni afadhali hata, haudundi sana, haumizi uso.

Kwa wenye wako na simu, weka video ya densi waige. Inasaidia sana siku umechoka.

OT_Magharibi

Mimi si mwalimu, nafanya OT (occupational therapy, tiba ya kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku) ya watoto hospitalini, nimesoma hii nikaona lazima nijibu.

Kwanza huyo mzazi wa ukurasa. Mwambie hivi: mkono wa kuandika unaanzia begani. Mtoto ambaye bega na tumbo bado ni legevu hawezi kukaa wima, analala juu ya meza, anabana penseli kwa ngumi, baada ya mistari miwili mkono unauma na anaacha. Na ule mkono wenyewe, mtoto wa miaka 4 mifupa midogo ya kifundo haijakuwa mifupa yote, mingine bado ni gegedu. Kumkalisha na penseli saa nzima hakuharakishi hiyo. Kinachomsaidia ni kuning'inia, kutambaa, kusukuma ukuta, kubeba chupa ya maji, kukamua kitambaa, kufinyanga udongo. Wazazi wengi naletewa mtoto wanasema ni mzembe wa kuandika, nikimwambia atembee kwa mikono nikiwa nimeshika miguu hafiki hatua tatu. Si uzembe.

Ya pili ni dakika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kusogeza mwili kwa siku, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za nguvu, zile za kuhema. Si kwa mara moja, ni kuzisambaza siku nzima. Pia asikae mahali pamoja kwa muda mrefu, asifungwe zaidi ya saa moja kwa mpigo, na hapo fikiria mtoto wa shule van anayezungushwa estate zote asubuhi kabla hajafika kukalishwa tena. Vipindi vyenu ni dakika 30, ukitoa 5 tu kwa kila kipindi watembee, kwa vipindi vitano una 25 na hujapoteza somo hata moja.

MwalimuLurambi, video sikatai kabisa, lakini huo mwongozo unasema skrini isizidi saa moja kwa siku na huyu mtoto wa Manyatta tayari anafungiwa na TV. Afadhali umwigize wewe mwenyewe. Mtoto akiangalia skrini husimama mdomo wazi, akiangalia ticha anaruka.

Na michezo ya kutolewa, ile nyama nyama nyama ukikosea unatoka, naomba muibadilishe. Anayetolewa wa kwanza huwa ni yule mzito, yule mdogo, yule mwenye mguu mmoja dhaifu, yaani yule yule aliyehitaji kuruka zaidi ndio anakaa chini dakika kumi akiangalia wenzake. Akikosea aruke mara mbili arudi ndani. Ukiwa na mtoto wa kiti cha magurudumu ama wa kalipa (vyuma vya kushikilia mguu) pia ana mikono, mpe awe anayerusha soksi, anayepiga mtungi wa ngoma, lakini zamu yake ya kusogea naye iwepo, asikuwe mpiga ngoma mwaka mzima.

BabaPacha, Kondele

Nasoma nikiona aibu juu mimi ni mmoja wa hao wazazi wa tiki nyekundu. Tulikuja mjini kutoka Bondo na sisi tulikulia kupanda miembe na kuchota maji mtoni, hakuna mtu alitufunza kuruka, tuliruka tu. Sikufikiria kama wangu hawana hiyo. Mwalimu ita mkutano, utuonyeshe hiyo mstari wa namba, tuiruke sisi wenyewe na watoto wakiwa hapo. Ukituambia kwa mdomo tutabisha.

TichaBahati, Nakuru

@BabaPacha hiyo ni wazo nzuri sana, naiba.

Kitu nimesahau, mwalimu mkuu mkumbushe kwa upole kwamba hii si kitu umeleta kutoka kwa kichwa chako. CBC, ule mtaala wa umilisi, ilipoanza PP1 2019 saikomota, yaani shughuli za mwili, ilikuwa eneo lake kamili kwa ratiba, haikuwa zawadi ya Ijumaa. Mwonyeshe karatasi, usibishane.

NyarKano, Kisumu

Nimerudi kuwaambia. Asanteni sana, nilisoma majibu yote na nikalia kidogo kwa ya OT.

Jumatatu nilichora mstari wa namba na chaki ikafutika kabla ya break juu sakafu yetu ni ya vumbi, kwa hivyo Jumanne nilichana gunia nikashona namba kwa uzi, tunatandika na kukunja. Duara za nyumba bado ni za chaki nachora upya kila asubuhi, watoto wenyewe wanakuja mapema wanichoree. Flamingo hawajui, nikabadilisha nikasema ndege mwingine wanamuona ziwani pale Dunga, lakini hapana, mmoja alinisahihisha akasema huyo ndege hasimamii mguu mmoja, anayesimama hivyo ni okok, yule mweupe wa mguu mrefu anayefuata ng'ombe. Kwa hivyo sisi ni okok.

Yule wa miguu haitaki kukaa, nimempa kazi ya kubeba chupa za maji kutoka mlangoni mpaka kona, chupa moja moja, kila baada ya kipindi. Jana aliandika a hadi e bila kuinuka. Sijui kama ni chupa ama ni juu ameona namsikiza, sitabisha.

Mwalimu mkuu Alhamisi alisimama mlangoni muda mrefu watoto wakinyata kama paka, hakusema kitu, akaenda. Mkutano wa wazazi amekubali, Ijumaa ijayo saa tisa, gunia itakuwa chini. Na mama wa uji, hata sikumwomba, aliona tunavyobanana akasema atahamisha jiko nyuma ya ofisi mpaka saa tatu na nusu. Kwa hivyo tuna njia yote mpaka kwa choo, hatua 22, nimehesabu.