Sindano za kupunguza uzito: je, zitolewe bila daktari wa kumfuatilia mtumiaji?

Mleta mada

Msimamo wangu: dawa hizi zinafanya kazi, ila asipewe mtu ambaye hakuna daktari atakayemwona tena. Siku hizi unajaza fomu kwenye simu, unaandika uzito wako, hakuna anayekupima, na sindano inaletwa hadi mlangoni.

Marekani iliidhinisha semaglutaidi, mojawapo ya sindano hizi, mwaka 2017 kwa jina la Ozempic, kutibu kisukari aina ya pili. Mwaka 2021 ikaidhinishwa kwa ajili ya uzito, kwa jina la Wegovy. Dawa ni ileile, anayechomwa ndiye tofauti. Mwenye kisukari ambaye figo zake ziko hatarini ana sababu ya kuvumilia kichefuchefu na kutapika. Mzima anayetaka kupungua kilo nne avumilie kwa lipi?

Tukumbuke yaliyotokea Ufaransa. Mediator ilikuwa dawa ya wagonjwa wa kisukari wenye uzito mkubwa, kisha ikaanza kuandikiwa watu waliotaka kupungua tu. Ilikuwa sokoni tangu 1976 hadi 2009, huku ikiharibu vali za moyo. Mwaka 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ya Servier iliyoitengeneza. Semaglutaidi imechunguzwa zaidi, sizilinganishi. Ninachotaka mkione ni nani aliyeibua jambo lile: Irène Frachon, daktari wa mapafu, aliyekuwa na wagonjwa mbele yake na akaona mioyo yao inaharibika. Fomu haiwezi kuona hivyo.

Mtumiaji wa sindano

Heshima yako mleta mada, lakini kwenye hizo kilo nne umetuonea. Wengi wetu hatutafuti umbo. Utafiti wa SELECT, uliotoka 2023, uliwafuatilia watu zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo, wasio na kisukari. Waliochomwa semaglutaidi walipungukiwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa asilimia 20. Hayo ni maisha ya watu.

Mimi wiki za mwanzo nilitapika sana, kisha choo kikafunga. Leo presha imeshuka na ngazi napanda bila kuhema. Mkiongeza masharti, watu watanunua za magendo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia, na anayejichoma bandia hana hata pa kulalamika.

Nesi mstaafu

Huohuo utafiti wa SELECT, mwanangu, unasema kati ya kila watu 100 waliopewa dawa, karibu 17 waliiacha kwa sababu ya madhara. Kwa waliopewa sindano isiyo na dawa ni karibu 8.

Semaglutaidi ya uzito huanzwa na miligramu 0.25 kwa wiki, na dozi hupandishwa kidogo kidogo kwa miezi. Wanaorukia dozi kubwa ndio wanaotapika hadi maji yanaisha mwilini na figo zinaumia. Ukiichanganya na insulini bila kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka ghafla. Mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo aina ya medula katika ukoo asiiguse. Na ukienda kufanyiwa upasuaji sema unaitumia, kwa sababu tumbo linachelewa kumwaga chakula. Maswali haya yana majibu, shida ni kwamba hayaulizwi.

Mleta mada

Ndugu mtumiaji, wewe ndiye ninayekutetea. Magendo ni hatari, nakubali, lakini muuzaji halali asiyemjua mteja wake hapunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Halafu kuna suala la kuacha: waliofuatiliwa baada ya kusitisha semaglutaidi walirudisha, kwa mwaka mmoja, wastani wa theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Kwa hiyo tunazungumzia dawa ya miaka, wala si ya msimu.

Ombi langu kwa wanaotunga kanuni ni hili: kila anayeuza sindano hizi alazimike kumpa mtumiaji namba ya daktari atakayepokea simu usiku wa manane, pale maumivu ya tumbo yanapopenya hadi mgongoni na hajui kama ni kongosho limevimba au ni gesi tu.