Kazi ya dizaini kwenye gemu ukiwa Mwanza: kubaki na kufanya rimoti, kwenda Dar/Nairobi, au kutoa gemu yako mwenyewe?

IgomaPikseli
Mwangaluka wakuu. Mi ni dizaina wa grafiki, nafanya kazi duka la printi hapa Makoroboi, kadi za harusi, mabango, tisheti za kampeni, vipeperushi vya mikutano ya injili, vyote napiga. Kazi ipo na mteja hakosi ila moyo wangu uko kwenye gemu tangu niko sekondari, na sasa nimeamua kuitafuta hii kazi serious. Nina laptopu ya ram 8, bando la usiku, na akiba kidogo. Nimebaki na njia tatu kichwani: nibaki hapa nitafute kazi ya rimoti (ya mbali, kwa mtandao), au nihame niende Dar au Nairobi ambako kuna studio, au nijikaze nitoe gemu yangu mwenyewe ndo iniombee kazi. Nyie mlioko ndani ya hii fani au mnaoifuatilia kwa karibu, ipi inalipa na ipi itanipotezea muda? Naombeni majibu ya kweli hata kama yanauma.

Nyegezi_Ramani
Mkuu kabla hujachagua mji chagua kwanza kazi, mana umeandika "dizaini" na huko kwenye gemu hiyo ni kazi tano sita tofauti na kila moja ina mlango wake. Kuna gemu dizaina mwenyewe, huyu anapanga sheria, mchezaji anafanya nini, anashindaje, anapata nini, na mara nyingi hachori kabisa, anaishi kwenye spredishiti na kwenye injini (programu ya kutengenezea gemu). Kuna wa leveli, anajenga ramani kwa maboksi ya kijivu kwanza, anacheza, anabomoa, anajenga tena. Kuna wa uchumi wa gemu, sarafu na bei na zawadi. Kuna wa UI, menyu, vitufe, aikoni, fonti. Alafu kuna wasanii: wa konsepti, wa 3D, wa animesheni. We kwa kazi unayofanya hapo Makoroboi mlango ulioko karibu nawe ni UI, sio ugemu dizaina. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wengi wenye mkono mzuri wanatuma sivii kila tangazo lenye neno dizaina na hawaitwi, na wala sio kwamba hawana kipaji, ni kwamba aliyekua anatafutwa ni mtu wa kupanga leveli na wao wametuma posta.

Dada_Skrini
Nyegezi kaongea vizuri, naongezea kwa upande wa UI mana ndo kazi yangu, nipo Ilemela na nafanya kwa mkataba na studio ndogo ya nje.

Kwanza hali ya soko uijue. Mwaka 2024 ulianza vibaya sana, Januari Microsoft walipunguza watu 1,900 kwenye upande wa gemu, mwezi huo huo Unity, wenye injini ya gemu, wakatangaza kupunguza kama 1,800, Februari Sony wakapunguza kama 900. Maana yake ni kwamba ukiomba nafasi ya chini kabisa ya rimoti kwenye studio kubwa ya Marekani au Ulaya unashindana na mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi aliyepoteza kazi yake. Kwahiyo mdogo wangu usianzie huko. Anzia studio ndogo, watu wanne, watu wanane, ambao hawana mtu wa UI kabisa na programa wao ndo anachora vitufe usiku wa manane. Hao wapo wengi na wanachukua mtu kwa kazi ya wiki mbili tatu, ukifanya vizuri wanarudi.

Pili, posta zako za harusi usiziweke kwenye potifolio (mkusanyiko wa kazi unazoonyesha) hata moja, hata ile nzuri kuliko zote. Chukua gemu ya simu iliyopo sokoni ambayo menyu yake inakukera, ichore upya, alafu onyesha ulivyofikiri. Na hapa niseme jambo moja kwa kina mana ndo watu wanapofeli. Chukua simu ya bei ndogo, toka nayo nje saa sita mchana juani, fungua hiyo skrini yako. Maandishi yanasomeka? Kidole gumba cha mkono mmoja kinafika kwenye kitufe cha kucheza huku mkono mwingine umeshika bomba la daladala? Kitufe cha kununua kiko mbali na cha kufunga au mtu atakibonyeza bila kutaka? Neno la Kiswahili "Endelea" linaingia kwenye kitufe kilichochorwa kwa neno fupi, au linakatika? Piga picha kabla na baada, andika sentensi mbili tatu kila picha kwanini umebadilisha. Kazi tatu za namna hiyo zinatosha kabisa, usiweke kumi na tano. Anayekuajiri anafungua link yako dakika moja tu na anaangalia kilichoko juu, basi.

Mwaloni_Dev
Mi nipo upande wa njia ya tatu na naitetea. Toa gemu. Hata ndogo, hata ya dakika tano, ila iwe imeisha na inachezeka. Hii tasnia imewaajiri watu kwa vitu walivyotengeneza bila kuombwa na mtu: Counter-Strike ilianza 1999 kama modi, yaani gemu ya vijana wawili iliyojengwa juu ya Half-Life ya kampuni ya Valve, na Valve wakawachukua wote wawili pamoja na gemu yao. Hakuna aliyewauliza cheti.

Na gharama sio kama watu wanavyodhani. Injini ya Godot ni bure kabisa, haidai asilimia, na inakimbia kwenye laptopu ya ram 8 bila kuisumbua. Unity nayo ina toleo la bure, ila watu wengi walihama baada ya ile ada ya kila instolesheni waliyotangaza Septemba 2023, waliifuta mwaka mmoja baadae ila imani ilishatetereka. Unreal ni nzito kwa mashine yako, na wao wanachukua asilimia 5 mapato ya gemu yakishavuka dola milioni 1, huko bado hujafika. Kuchora una Krita na Blender, bure. itch.io kuweka gemu ni bure, Google Play unalipa dola 25 mara moja tu, Steam dola 100 kwa kila gemu. Angalizo la Google: akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza uwe na testa (watu wa kuijaribu) 12 waliojiunga siku 14 mfululizo ndo uombe ruhusa ya kutoa gemu kwa watu wote. Hapo ndo wengi wanakwama, kwahiyo anza kukusanya watu mapema.

Wazo nakupa bure mana nimelala nalo muda mrefu na sina mkono wa kuchora: uvuvi wa dagaa. Usitengeneze picha nzuri ya mtumbwi ikaishia hapo, tengeneza sheria. Taa inavuta dagaa, ukiongeza mwanga wanakuja wengi ila betri inaisha kabla ya alfajiri. Mwezi ukiwa mkali taa haina nguvu, kwahiyo mchezaji lazima aamue kutoka au kulala kambini na deni linasubiri. Upepo ukibadilika mitumbwi inasogeleana na mnagombania kundi moja. Ona hapo una mwanga, muda, hela na jirani, vinne vinavutana. Mtu wa studio akicheza dakika tatu anajua huyu kijana anaelewa mifumo. Ukitaka kuona inavyokwenda njoo Mwaloni alfajiri, wavuvi watakueleza yote bila kinyongo.

Kamanga_Feri
@Mwaloni_Dev nakuheshimu kaka ila gemu yako mwenyewe haikulipi kodi ya chumba. Nimeona watu wanazama miaka kwenye gemu moja kubwa haitoki. Nionavyo mimi kijana akiwa bado hana familia ahame. Dar kuna kazi za animesheni na elimu kwa watoto, Ubongo wapo kule, sio gemu moja kwa moja ila unajifunza kufanya kazi kwenye timu, dedilaini, faili zinapangwaje, kupokea marekebisho bila kununa. Nairobi ndo kuna watu wa gemu zaidi, Usiku Games walianzia pale, Leti Arts nao walikua na mguu Ghana na mguu Kenya. Ukikaa mji wenye watu wa fani yako unakutana nao kwenye chai, na kazi nyingi za mwanzo zinapatikana kwa kujuana hivyo, tangazo linakuja baadae au haliji kabisa. Ila suala la kibali liulizie kabla hujapanda basi la Sirari, usiende kienyeji.

Dada_Skrini
@Kamanga_Feri kwenye kujuana uko sahihi, ila kujuana siku hizi kunapatikana bila nauli. Kuna jamu, yaani matukio ya kutengeneza gemu kwa siku chache: Global Game Jam ni kila Januari na Ludum Dare zipo, unaingia timu na watu usiowajua, siku mbili tatu mmetoa kitu. Yule programa unayefanya naye vizuri kwenye jamu ndo atakayekutaja kazini kwake. Kazi yangu ya kwanza ilitoka hivyo. Na muda tunaoishi unatusaidia: Cape Town tunapishana saa moja tu, Lagos mbili, London mbili au tatu. California ndo ngumu, kikao cha saa 3 asubuhi kwao ni saa 1 au saa 2 usiku kwetu, ila hata hiyo inafanyika kama umeme upo. Powabenki kubwa na laini mbili za mitandao tofauti nunua kabla ya kitu kingine chochote.

IgomaPikseli
Shukrani sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Maswali mawili. Sijui kodi (code ya kompyuta) hata mstari mmoja, je naweza kuwa dizaina bila kuandika kodi? Na hela ya nje inaingiaje?

Nyegezi_Ramani
Kodi: kuajiriwa UI au leveli bila kuwa programa inawezekana, ila bila kugusa injini kabisa haiwezekani siku hizi. Jifunze Godot kiasi cha kuweka menyu yako ifanye kazi, ukibonyeza ifunguke, simu ikigeuzwa ijipange. Mtu wa UI anayeleta picha tu anampa programa kazi mbili, anayeleta menyu inayobonyezeka anaombwa abaki. GDScript, lugha ya kodi ya Godot, ni nyepesi, utaielewa.

Hela: wengi tunapokea kwa Payoneer (huduma ya malipo ya mtandaoni) au hela kutumwa benki kwa benki. Uliza wanalipaje kabla hujaanza, na omba sehemu ya malipo mwanzoni.

Bwiru_77
Naingilia hapo kwenye malipo mana limenikuta. Niliomba kazi ya leveli kwa studio moja ya nje, jina silitaji, wakanipa testi. Sawa, testi ni kawaida. Ila ilikua ramani nzima yenye maadui na mazungumzo, kazi ya wiki kadhaa, bila malipo, na nilipowatumia wakanyamaza hadi leo. Imeniuma sana, usiku zile nimekesha na mtoto analia. Kwahiyo mdogo wangu testi ya masaa machache fanya, ikizidi siku mbili uliza malipo kwa heshima, na andika kwamba kazi ni yako mpaka ilipwe. Anayekuambia utume hela ya "usajili" au "vifaa" ndo upate kazi, huyo mfute hapo hapo, kazi halali haikudai chochote.

Mzee_wa_Kisesa
Wanangu mimi sio wa kompyuta, ni mwalimu mstaafu, nimefuata huu uzi kwa sababu ya mjukuu wangu. Hapa Usukumani tuna isolo, mchezo wa kete na mashimo, wazee wanaucheza chini ya mti na kila kijiji kina ufundi wake. Na tuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno, mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake, na kila upande una dawa zake na vituko vyake vya kuwavuta. Bujora pale makumbusho yameeleza vizuri. Mnatafuta mawazo mbali wakati haya yapo.

Mwaloni_Dev
Shikamoo mzee. Hiyo ya Bagika na Bagalu imenitoa usingizi. Makundi mawili, watazamaji katikati wanahama huku na huku, kila upande unachagua lini utoe kituko chake kikubwa mana ukikitoa mapema watu wanakizoea. Hiyo ni gemu kamili ya wachezaji wawili kwenye simu moja. Na unaweza kuijaribu leo kwa vizibo vya soda na karatasi bila kuwasha laptopu.

Nyegezi_Ramani
Wazo la mzee tulipokee wote. Naongeza tu kwa Igoma: studio haitakuajiri kwa sababu gemu ina ngoma za Kisukuma, itakuajiri kwa sababu umeonyesha toleo la kwanza lilikua linachosha, ukahesabu vizibo, ukabadilisha sheria moja, likachangamka. Zile karatasi za majaribio zipige picha zote, usitupe hata yenye mafuta ya chapati. Hizo ndo potifolio.

IgomaPikseli
Basi nimeamua. Kazi ya printi siachi kwa sasa. Mchana Makoroboi, usiku najifunza Godot, nianze na menyu tatu alizosema Dada_Skrini, alafu hii ya ngoma mbili niifanye na @Mwaloni_Dev kama yuko tayari, yeye kodi mimi skrini. Januari tuingie jamu kama timu. Mzee naomba ruhusa nije Kisesa Jumapili nikuulize vizuri hao watazamaji walikua wanahama kwa kuvutwa na nini hasa.

Mzee_wa_Kisesa
Karibu mwanangu, njoo mchana baada ya misa. Mjukuu naye atakuwepo.

Mwaloni_Dev
Niko tayari. Nitumie inboksi saizi ya skrini unayochorea, tuanzie simu ndogo ndo tupande juu.

Bwiru_77
Niwekeni kwenye wale testa 12, simu yangu ni ya ram 2 na kioo kimepasuka kona ya kulia, kitufe kikikaa hapo nitawaambia.