Chatu wetu kafa ghafla Tabora, ofisi zinarushiana mpira mpaka maiti inaoza!!

Wakuu, naandika nikiwa nimefura kwa hiyo mtanivumilia mpangilio.

Chatu wetu Shangazi kafa. Jike, kumbeba lazima muwe wawili, tumemlea tangu akiwa anazunguka kiganjani, ni wa kikundi chetu cha ngoma ya nyoka hapa Tabora mjini (wayeye, watu wa huku mnatuelewa). Na kabla hujaja kuuliza kibali, kipo, kimebandikwa ukutani, sheria ya wanyamapori ya 2009 tunaijua kuliko wewe unayetafuta wa kumchoma.

Jioni alikuwa mzima kabisa. Hana makamasi, hana mapovu mdomoni, hafungui kinywa kutafuta hewa, gamba la mwisho kalivua zima mpaka vile viduara vya macho, na mnaofuga mnajua nyoka mwenye shida anavua vipandevipande. Sungura wake alishamaliza kumsaga zamani. Asubuhi dogo anayebadilisha maji anakuta kichwa kimepinda kinaangalia juu, mdomo wazi, ukimlaza tumbo juu anabaki vilevile hajirudishi. Saa sita haijafika, kwisha.

Sasa mtu asinijie na "siku yake ilifika". Chatu akitunzwa anavuka miaka 20, huyu hata nusu hajagusa. Joto nalo najua mtalileta, ni kweli nyoka hatoi jasho na ukimfungia juani Oktoba hii anaiva, lakini banda letu liko chini ya mwembe, upande mmoja joto linacheza kwenye 30 upande wa pili kuna ubaridi na beseni analoingia mzima mzima akitaka.

Kichwa kupinda vile na kushindwa kujigeuza ni mambo ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kuna ugonjwa wa virusi unaua hivyo, unawapata boa na chatu wanaofugwa, wanasayansi wamekuja kuvibaini virusi vyenyewe 2012, ila kwa kawaida anauleta nyoka mgeni au utitiri wanaotoka nyoka mmoja kwenda mwingine, na sisi hatujaingiza mgeni wala utitiri hatuna. Kinachonikaa mimi kichwani ni sumu. Wiki hiyohiyo nyumba ya jirani wamepuliza dawa ya kunguni, tunashare ukuta, fundi kaja na bomba la mgongoni lile la kwenye tumbaku, nikamuuliza umeweka nini humo anasema "haina madhara kwa binadamu mzee". Nimekuuliza binadamu mimi?? Dawa nyingi za wadudu zinaua kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na nyoka maisha yake yote yupo sakafuni, tumbo chini, ulimi unaramba hewa ya chini, halafu hana ule msuli wa chini ya mapafu kama sisi, anapumua kwa misuli ya mbavu, ikivurugika hiyo hana pa kukimbilia.

Lakini siwezi kumkaba jirani kwa kuhisi tu, ndo maana nikataka apasuliwe, na hapo ndo kiini cha huu uzi.

Ofisi ya kwanza, ya mifugo: "huyu si mfugo, peleka wanyamapori." Nikapanda bodaboda na maiti kwenye kiroba, watu wanakimbia njiani. Ofisi ya pili: "sisi tunaandika tu kwamba kafa, kupasua ni kazi ya daktari wa mifugo." Narudi kule naambiwa daktari yuko semina, na kuna mmoja pale, mtu mzima na kitambulisho shingoni, ananiuliza ngozi tutauza bei gani. ASEE. Angekuwa ng'ombe kaanguka ghafla wangeshafika mbio wakiogopa kimeta.

Na muda wote huo jua la Tabora linafanya kazi yake. Maiti ya namna hii inatakiwa friji ya kawaida, sio kugandishwa mzima mzima kama mnavyoshauriana huko WhatsApp, ukigandisha chembechembe za mwili zinapasuka darubini haioni kitu. Tulichoomba ni kidogo sana, vipande vya ini, figo na mapafu kwenye formalini (ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze), kingine cha ini na vilivyomo tumboni vigandishwe kwa ajili ya kupima sumu, basi, sisi wenyewe tungetafuta basi la kupeleka. Hakuna. Tukaenda kuomba barafu kwa wauza samaki, wametupa bure Mungu awabariki, ila barafu nayo inayeyuka wakuu.

Mtaani tayari ni kurogana, eti kikundi pinzani kimetuzima kabla ya msimu wa ngoma. Mzee wetu wa kikundi, ambaye ndo mngetegemea aseme hivyo, kafoka kabisa: "acheni upuuzi, tafuteni sumu." Sasa tunaitafuta vipi kama hakuna wa kufungua tumbo?

Eti leo ofisi ya pili wameamka, wanataka azikwe mbele yao waandike ripoti wafunge faili. Sababu ya kifo wataandika nini? Nimekataa, nimesema hazikwi mpaka apasuliwe, wakitaka waje na karandinga.

Kwa hiyo mwenye kumjua daktari Tabora, Nzega, hata Urambo, ambaye ameshawahi kupasua reptilia na yupo tayari leo hii, aje PM, nauli na chakula juu yetu. Wenye utani wa supu ya chatu piteni kushoto. Na wewe jirani najua upo humu unasoma, hatuji kupigana, tunataka kopo la dawa tu tusome lebo. Usilitupe.