Kompresa ikae wapi kwenye cheni ya pedali za gitaa?

NyuziSita
Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada kwenye hili la kompresa maana wiki ya pili sasa nahangaika nalo. Cheni yangu ni gitaa, wawa (pedali ya mguu ya kubadilisha toni), ovadraivu na distoshen (hizi mbili za kukwaruza sauti, distoshen ndo kali zaidi), halafu kompresa, mwisho dilei (ya mwangwi) ndo naingia kwenye ampi. Kompresa niliiweka huko nyuma kwa sababu niliwaza kama kazi yake ni kusawazisha sauti basi bora isawazishe kila kitu kwa pamoja. Nikipiga klini, yaani bila mkwaruzo, iko poa. Shida ni nikiwasha distoshen, nikipiga noti moja nikaiacha ife yenyewe, inavyozidi kufifia ndivyo shhhh inavyopanda, mwisho noti hamna imebaki shhhh imejaa chumba kizima, nikigusa uzi tena inashuka. Halafu ule mlio wa piki inapochapa uzi umepotea kabisa, kila noti inaingia kama imefunikwa blanketi. Pedali mbovu au mimi ndo nimekosea?

FundiWaya
Pedali yako nzima kabisa mkuu, usije ukaifungua. Iko hivi, kompresa yenyewe haipandishi sauti ndogo moja kwa moja, inachofanya ni kubana zile kubwa zinazovuka treshodi, yaani kiwango kilichopangwa. Ukiweka resho (kiasi cha kubana) 4:1, sauti iliyovuka kwa desibeli 12 inatoka imevuka kwa 3 tu, yaani umepoteza 9. Sasa kwa kuwa imeshuka unaongeza volyumu ya kutokea ili ufidie, na hapo ndipo kila kitu kilichokuwa chini kinapanda na hizo 9, pamoja na kelele. Noti ikiwa kubwa kompresa inabana, kelele huisikii. Noti ikifa inaachia, na unachosikia kikipanda ni ile kelele iliyotengenezwa na distoshen yako, maana distoshen ni mashine ya kukuza na yenyewe ina kelele nyingi kuliko pedali zote ulizonazo.
Tena distoshen yenyewe tayari ni kompresa, inakata vilele vya sauti mpaka noti laini na noti nzito zinakaribiana ukubwa. Kwa hiyo ulikuwa unabana kitu kilichokwisha banwa, hukupata faida yoyote zaidi ya hiyo shhhh. Ihamishie mbele, kabla ya ovadraivu, halafu uje utuambie.

Kidole4
Nakubaliana na fundi kwa distoshen ila jamani tusifanye sheria. Mimi kompresa yangu iko baada ya ovadraivu, gain (kiasi cha mkwaruzo) ndogo, na sitaitoa. Ukiiweka mbele inabadilisha kiasi cha sauti kinachoingia kwenye ovadraivu, ukichapa kwa nguvu ovadraivu haichemki zaidi kwa sababu kompresa imeshakunyang'anya hiyo nguvu, na mimi napenda sana nikipiga laini iwe karibu na klini nikikaza mkono iungurume. Ikiwa nyuma ovadraivu inausikia mkono wangu kama ulivyo, kompresa inakuja kunisawazishia volyumu tu. Kelele ipo kidogo, navumilia. Kwa hiyo jiulize kwanza, unataka ovadraivu iusikie mkono wako au iusikie mkono uliosawazishwa?

FundiWaya
Hapo umeongea Kidole4, kwa gain ndogo inawezekana vizuri tu.
NyuziSita, kabla hujahamisha fanya jaribio moja. Washa kila kitu, shusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri. Kelele ikiisha ilikuwa inatoka kwenye pikapu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), hasa kama ni zile za koili moja. Ikibaki vilevile inatoka kwenye pedali zenyewe au umeme wake, na kama pedali zote zinakula adapta moja kwa waya wa kugawana anza kushuku hapo, kompresa ikiwa mbele itaokota hata huo muungurumo.

Mkwaju_Klini
Niongezee kwenye wawa. Wawa ya mguu ikae kabla au baada ya kompresa, vyote vinafanya kazi, sikiliza ipi unaipenda. Ila kama ni wawa ya otomatiki, ile inayofunguka kulingana na nguvu ya mkono, LAZIMA ikae kabla, maana ukishaisawazishia sauti haina tena cha kufuata inabaki imeduwaa. Na mwenye fazi (pedali nyingine ya kukwaruza sauti) za kizamani kama Fuzz Face aiweke ya kwanza kabisa, ile inataka kuonana na pikapu uso kwa uso, ukiweka pedali nyingine katikati inakuwa kali na ukishusha volyumu ya gitaa haisafiki tena.

NyuziSita
Nimerudi wakuu. Volyumu sifuri kelele ilibaki ileile, kwa hiyo pikapu haina kosa. Nimeihamisha kompresa, sasa ni gitaa, wawa, kompresa, ovadraivu, distoshen, dilei. Aisee ile shhhh bado ipo kwa mbali ila haipandi tena noti ikifa, na noti inakaa muda mrefu kuliko mwanzo! Sema piki bado siisikii vizuri. Pedali yangu ina nobu za levo, toni, ataki na sastaini, nimeweka sastaini karibu mwisho.

FundiWaya
Ndo hiyo sasa. Sastaini, yaani kiasi cha kubana, irudishe saa tano hivi, nobu ielekee kushoto kidogo ya katikati. Halafu ataki usiifuate kwa jina, kinachotakiwa ni kompresa ichelewe kidogo kubana, milisekunde 20 mpaka 40 zinatosha mchapo wa piki upite kabla haijashika. Kuna pedali ukizungusha kulia inachelewa na nyingine inawahi, kwa hiyo cheza noti moja ileile ukizungusha polepole, utasikia ule mlio wa "tk" ukitokea mbele ya noti, acha hapohapo.

NyuziSita
Imetokea nobu ya ataki ikiwa kama saa nane, kulia ya katikati. Nimekaa napiga noti moja nusu saa nzima. Asanteni sana wakuu.